Kinga ya Samaki Dhidi ya Kikaango

Mwalimu Mbaluka Kaloki (mstaafu),
Bondeni, karibu na Kikima.
Jumatano, 12 Novemba 2025.

Kwa Madam Kanyiva,
Afisa wa Samaki.

Mpendwa Madam,

MINTARAFU: OMBI LA KURUHUSIWA KULA SAMAKI WANGU MWENYEWE

Nakusalimu kwa heshima zote, na natumaini pikipiki yako imepona tangu ilipoanguka pale kwetu penye utelezi. Mimi ni yule mwalimu mwenye bwawa lililotandikwa karatasi nyeusi ya plastiki. Kama hunikumbuki, mimi ni mume wa Syombua. Najitambulisha hivyo kwa sababu siku moja ulinipigia simu kwa bahati mbaya, na kabla sijasema hujambo ukauliza kama mama yupo karibu.

Niseme shida yangu mapema nisikupotezee muda. Jumamosi hii kaka yangu mkubwa, Muindi, anakuja kutoka Mtito Andei kula samaki kwangu. Hajakanyaga boma hili kwa miaka sita. Samaki wapo, tena wamenona hadi wanasukumana. Lakini kwa sababu ya dawa yako ya kuongeza kinga, kalenda ya jikoni inasema hawaruhusiwi kuliwa mpaka Alhamisi ya wiki ijayo. Muindi ameshasema kwamba asipokula Jumamosi hatarudi tena, na Muindi ni mtu ambaye akisema, amesema. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Malalamiko yangu nimeyapa nambari, kama nilivyowafundisha wanafunzi kwa miaka thelathini na mmoja.

1. Nianze na shukrani, usije ukasema sina adabu. Julai iliyopita, ukungu ulipokaa juu ya milima ya Mbooni siku tisa bila kupumzika, samaki wangu waliota vidonda vyekundu ubavuni wakaanza kuelea upandeupande. Ulikuja, ukatazama, ukampa Syombua pakiti ya unga wa dawa. Achanganye na chakula chao, apake mafuta kidogo ili dawa isioshwe na maji, awape siku kumi. Samaki walipona. Hapo sina neno.

Neno linaanza pale uliposema, ukiwa tayari umevaa helmeti, kwamba baada ya siku ya mwisho ya dawa wasiliwe kwa siku ishirini na moja, mpaka iishe mwilini mwao. Madam, ulimwambia nani maneno hayo? Mke wangu ni katibu wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu. Ukimwambia ishirini na moja, ishirini na nusu kwake ni dhambi. Jioni ileile aliitoa kalenda sebuleni akaitundika jikoni, akaanza kukata siku kwa kalamu nyekundu niliyokuwa nikisahihishia insha.

2. Inabidi sasa nieleze habari ya kaka yangu, ingawa si ya ofisi.

Shamba hili ni la baba yetu. Mitaro ya fanya juu unayoiona ikishuka mpaka bondeni, kila mmoja na tuta lake upande wa juu, aliichimba yeye, kwa jembe moja na ukaidi mwingi, ili mvua isitubebee udongo. Mimi na Muindi tulikuwa wadogo. Kazi yetu ilikuwa kuyakanyaga matuta yashikane. Nilipostaafu nikaubomoa mtaro wa chini kabisa na mahali pake nikachimba bwawa. Sikumuuliza Muindi. Nilifikiri, yeye ana hoteli yake Mtito Andei, analisha madereva wa malori mchana kutwa, mtaro atautakia nini? Alipokuja Krismasi akakuta shimo mahali palipokuwa na kazi ya baba, hakunywa hata chai. Alisimama hapo ukingoni na viatu vyake vya safari, akasema, “Mbaluka, umebomoa mkono wa baba ufuge nyoka wa maji? Sawa. Mimi nitarudi hapa siku utanipa huyo samaki nimle, nione kama alistahili.”

Unajua sisi Wakamba wa umri wetu na samaki. Nyanya yetu alimhesabu kuwa nyoka, hakuweza hata kumtazama. Kwa hiyo Muindi aliposema atamla, alikuwa ananipa mtihani ambao hata yeye aliuogopa.

Basi mwaka wa kwanza bwawa lilivuja. Wa pili likaacha kuvuja, baridi ikaua wote. Kisha akaja ndege mmoja mwenye shingo ndefu, akala darasa zima. Hawa wa sasa ndio wa kwanza kukua wakatosha sahani. Nilimpigia Muindi kwa furaha, tukaelewana Jumamosi ya tarehe 16 Agosti. Nilipokwenda kumjulisha Syombua, alinionyesha kalenda bila kuacha kukoroga sufuria. Siku zilikuwa zinaisha tarehe 20.

Nikampigia Muindi tena. Alisema hakuna shida.

3. Septemba tukapanga upya, Jumamosi ya tarehe 27. Samaki walikuwa wazima kama mawe. Ukaja mwanzoni mwa mwezi, bila kuitwa, ukasema kinga hushuka mgonjwa akipona, kwa hiyo waongezewe dawa siku tano. Syombua akafurahi kana kwamba umemletea mjukuu. Siku ishirini na moja zikaanza upya, zikaishia tarehe mbili Oktoba. Nilipompigia Muindi safari hii aliuliza, “Kwani hao samaki wako wako kwa maombi ya kufunga?” Nilisikia madereva wakicheka nyuma yake.

Nikasema kosa ni langu, nachagua tarehe karibu mno. Tarehe ya tatu nikaiweka mbali kabisa, tarehe 15 Novemba, mtu asiweze kuifikia. Madam, uliifikia. Ulikuja Oktoba kuwakinga na mvua za vuli. Dozi iliisha tarehe 30, na hesabu unaijua. Nimekaa na kalenda na rula, nikaona kwamba kila mara unanipita kwa siku nne au tano. Sidai kwamba una nia mbaya. Nasema tu kwamba nilifanya kazi chini ya mwalimu mkuu aliyenichukia waziwazi, na hata yeye hakuwahi kunipangia zamu kwa ustadi wa namna hiyo.

4. Tuje kwenye usawa. Julai ileile samaki walipougua, mimi pia niliugua. Baridi ni ileile, ukungu ni uleule, na kikohozi changu kilisikika mpaka barabarani. Samaki walitembelewa na afisa wa serikali mara tatu. Walipewa dawa, wakapewa vitamini C, wakapondewa kitunguu saumu na mke wangu kwa mikono yake mwenyewe, na maji yao yakanuswa asubuhi na jioni. Mimi niliambiwa ninywe maji moto na nisikohoe karibu na chakula chao.

Sitaki kuonekana nina wivu na tilapia. Nilimwuliza Syombua kwa upole, kama mtu anayetafuta elimu tu, kwa nini mimi nisiongezewe kinga. Alinijibu, “Baba Nzisa, wewe ukiumwa unasema. Wao watasema na nani?” Nimelitafakari jibu hilo miezi minne na bado sijapata pa kulishika. Ila nimeacha kulalamika nikiwa karibu na bwawa.

5. Dawa yako pia imevuruga jamii. Syombua aliomba akina mama wawakumbuke samaki katika maombi, nao wakawakumbuka kwa sauti. Mchungaji aliposikia kuna watu wetu wana siku ishirini na moja, alidhani tumeingia kwenye mfungo. Alinitumia ujumbe wa kunipongeza, pamoja na mistari ya kusoma kila asubuhi. Nilisoma wiki mbili nzima kwa aibu ya kumwambia ukweli, na mahindi yangu ya muthokoi nikawa nayala nimefunga mlango.

Halafu kuna jirani yangu Mzee Kaveke. Yeye amesikia kwamba samaki wangu wana kinga, na amejiridhisha kwamba kinga ikizidi lazima imwagike ndani ya maji. Kila Jumatatu anakuja na mtungi kuchota maji ya bwawa, anaoga nayo goti lake. Nilimweleza kwa Kiswahili na kwa Kikamba kwamba dawa ya samaki haihusiani na magoti. Alinisikiliza vizuri sana, akaniambia, “Mwalimu, wewe soma vitabu, mimi niko na goti.” Juzi alipanda mlima mpaka Kikima kwa miguu. Sasa wanakuja watatu.

6. Hata sokoni nimepoteza jina. Zamani nilikuwa naulizwa, “Mwalimu, hujambo?” Siku hizi naulizwa kama samaki hawajambo.

7. Sasa nifike kwenye hoja yenyewe, ambayo nakuomba uisome ukiwa umekaa.

Ulisema unawapa samaki kinga. Kinga dhidi ya nini? Vidonda hawana. Baridi haiwagusi. Yule ndege wa shingo ndefu alirudi mwezi uliopita, akatazama, na kwa jinsi Syombua alivyotoka na ufagio nadhani ameandikisha makao Kitui. Kitu kimoja tu kilichobaki duniani kinachoweza kuwadhuru samaki wangu ni kikaango changu, na dozi zako tatu zimewakinga nacho kikamilifu. Hawawezi kuugua na hawawezi kuliwa. Kwa namna tunavyokwenda watanizika. Na kwa kuwa wako chini ya uangalizi wa Syombua, nina hakika msiba utaahirishwa ikiwa utaangukia wakati wa kuwalisha.

Kwa unyenyekevu, basi, naleta mapendekezo. Chagua lolote.

(a) Siku ishirini na moja bila shaka zilipimwa kwa mtu anayekula samaki mzima. Muindi na mimi tutakula samaki mmoja sisi wawili. Ishirini na moja gawanya kwa mbili ni kumi na nusu, na Jumamosi tutakuwa tumefikisha kumi na sita. Kwa hesabu hiyo tumechelewa hata. Tukiona bado kuna hatari tutakula mkia peke yake, kwa sababu dawa huingilia mdomoni na mkia uko mbali.

(b) Ikiwa ubaya ni kwamba samaki amekunywa dawa na mlaji hajanywa, basi tupe na sisi. Leta dozi mbili za watu wazima Ijumaa. Muindi hana mzio wa kitu chochote ila ushauri.

(c) Ikiwa haya yote hayawezekani, naomba barua yenye mhuri, isemayo kwamba samaki wapo, ni wa Mbaluka, wameonekana kwa macho, na kwamba wasipoliwa Jumamosi kosa ni la sayansi. Tafadhali iandikwe kwa herufi kubwa, miwani ya Muindi si mizuri.

Najua utanijibu kwamba subira huvuta heri. Ni kweli. Lakini pia wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa tuna matumbo mawili, moja lina miaka sabini na moja. Madam, acha nikuambie jambo moja bila mzaha. Nilipoubomoa ule mtaro sikufikiri. Nilipofikiri, Muindi alikuwa ameshaondoka. Nimeandika barua nyingi za kuomba radhi kwa niaba ya wanafunzi, lakini yangu mwenyewe sijui huanza vipi. Samaki ndiye barua niliyokuwa nayo. Ukimkataza kuliwa, nitamkaribisha kaka yangu na nini?

Natanguliza shukrani nikitumaini jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana, saa ambayo inabidi magamba yaanze kutoka.

Nisalimie ofisi nzima. Msalimie yule karani aliyenipa kiti na kusahau kunipa huduma. Msalimie mama yako kule Kwa Vonza, ambaye Syombua anamjua kwa jina na mimi najua kuwa ana ng'ombe wawili, kwa sababu mkizungumza nyinyi huwa niko hapohapo nimeshika ndoo. Samaki wako wote wanakusalimu. Nimewaangalia sasa hivi, hawana hata aibu.

Ni mimi katika kungoja,
Mbaluka Kaloki, mwalimu mstaafu na mwenye bwawa kwa jina.

N.B. Jumapili, 16 Novemba.

Madam, barua hii haikutoka. Mvua ilianza Jumatano usiku na mtu wa bodaboda akakataa kushuka bondeni kwetu mpaka leo. Nakuomba uisome yote hapo juu kisha uichukulie kama haikuandikwa.

Muindi alikuja jana. Nilikuwa sijampigia kumwambia habari za kalenda. Nilishika simu mara nne nikaiweka. Hakuingia nyumbani. Alishuka moja kwa moja mpaka bwawani, akasimama palepale aliposimama Krismasi ile, na mimi nikasimama nyuma yake nikiwa na maneno yangu yote tayari. Alitazama samaki muda mrefu. Halafu akautazama ukingo wa bwawa, akaugonga kwa kisigino, akasema, “Huu udongo haujakanyagwa. Baba angeuona angekuchapa.” Akavua viatu, akakunja suruali, akaomba jembe.

Tulifanya kazi mpaka saa nane, Madam. Yeye anainua udongo, mimi nakanyaga. Hatukuzungumza habari ya mtaro. Tuliuzungumzia udongo tu, na mara mbili alinitukana, nikafurahi hata nikazidi kukanyaga. Syombua alituita tule kuku. Mimi nilitangulia kunawa, na nilitaka kumweleza mgeni mezani, kwa utaratibu, kwamba samaki hawezi kuliwa.

Sasa, jana jua lilikuwa limetoka, na Syombua alikuwa ameanika juu ya jiwe mkebe wa chakula chenye dawa kilichobaki, kisipate ukungu. Muindi alikiona. Hakuna aliyemwambia kitu. Tulipotoka kumwita tulimkuta amechuchumaa ukingoni, anarusha konzi baada ya konzi, na samaki wamepanda juu wanapiga maji mpaka uso wake umelowa. Anacheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu tukiwa wavulana. Mkebe wote aliumaliza.

Syombua alipiga ukelele. Alimweleza Muindi habari ya dawa, habari ya kinga, habari ya siku ishirini na moja, kwamba sasa zinaanza upya na zitaishia Jumamosi ya tarehe 6 Desemba. Muindi alisikiliza mpaka mwisho. Akafuta uso kwa shati, akasema, “Basi nitarudi hiyo Jumamosi. Kwanza huu ukingo haujaisha, na huyu mtu wako hajui kukanyaga.” Kisha akaingia ndani akala kuku.

Samaki hawana neno, wamevimba matumbo kidogo tu, ila Syombua anaomba uje uwatazame.

Na ukija, Madam, mimi nina swali moja, tafadhali ulijibu mama akiwa mbali. Hiyo dawa ya siku ishirini na moja nimeielewa. Hakuna nyingine ya siku saba tu, ambayo mtu anaweza kuwapa kila Jumamosi?